Utendaji na Madhara ya Sisiplatini katika Tiba ya Saratani ya Mapafu: Mazingatio kwa Mgonjwa Anayerejea Gwata, Mkoa wa Pwani

Ikisiri

Sisiplatini ni miongoni mwa dawa kongwe za tibakemikali ambazo bado zinatumika kutibu saratani ya mapafu. Makala hii inafafanua namna dawa hiyo inavyoua seli za saratani, namna inavyodhuru figo, uboho wa mifupa, masikio na neva, na maana ya madhara hayo kwa mgonjwa anayetibiwa Dar es Salaam kisha kurejea nyumbani Gwata, mkoani Pwani. Hoja kuu ni kwamba uponyaji na madhara ya sisiplatini yana chanzo kimoja, na kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo hujitokeza mgonjwa akiwa nyumbani, si akiwa wodini. Kwa hiyo, usalama wa tiba hautegemei ustadi wa hospitali kuu peke yake, bali pia taarifa zinazomfuata mgonjwa hadi kwenye zahanati iliyo karibu naye.

1.0 Utangulizi

Duniani kote, saratani ya mapafu huua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Nchini Tanzania haiongozi kwa idadi ya wagonjwa. Saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake na ya tezi dume kwa wanaume ndizo zinazotangulia. Hata hivyo, saratani ya mapafu ina ugumu wake wa pekee. Kikohozi kisichokoma, maumivu ya kifua, kukonda na kukohoa damu ni dalili za kifua kikuu pia. Katika nchi yenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu, ni rahisi mgonjwa kuanzishiwa dawa za ugonjwa huo kabla ya saratani kufikiriwa. Miezi inapopita, uvimbe husambaa na upasuaji huwa hauwezekani tena. Hapo ndipo tibakemikali inapokuwa miongoni mwa njia chache zilizobaki.

Tiba hiyo hutolewa katika hospitali chache. Kwa wakazi wa Pwani, kituo kikuu ni Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyopo Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Kanda nyingine huhudumiwa na hospitali kama Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

Jina la Gwata linapatikana katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, ambazo zote mbili zinapakana na Dar es Salaam. Katika ramani, Gwata si mbali na jiji. Katika mpangilio wa huduma za afya, umbali huo ni mrefu zaidi: mgonjwa huanzia zahanati, hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, ndipo afike kwa madaktari bingwa wa saratani. Anapomaliza dozi, hurudi kwa njia hiyohiyo, na anapougua ghafla huanza tena na zahanati. Makala hii inaichukua Gwata kuwa mfano wa mahali ambapo dawa iliyotolewa jijini inaendelea kufanya kazi mwilini huku mhudumu aliye karibu akiwa hakushiriki kuitoa.

2.0 Asili ya Dawa

Sisiplatini ilijulikana katika kemia zaidi ya karne moja kabla ya kujulikana katika tiba. Mkemia wa Kiitalia, Michele Peyrone, aliitengeneza katika miaka ya 1840, na mwaka 1893 Alfred Werner alieleza umbo lake. Ni molekuli ndogo: atomu moja ya platinamu katikati, kloridi mbili upande mmoja na amonia mbili upande wa pili. Mpangilio huo ndio unaoipa nguvu. Molekuli yenye viambajengo hivyohivyo, lakini kloridi zake zikiwa zimekaa pande zinazokabiliana, haina uwezo huo wa kutibu saratani.

Ugunduzi wa manufaa yake ulitokana na jaribio lililokuwa na lengo jingine. Barnett Rosenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walikuwa wakichunguza athari za umeme kwa bakteria. Walitumia elektrodi za platinamu wakiamini kuwa madini hayo hayataingiliana na chochote. Bakteria waliendelea kukua lakini wakaacha kugawanyika, wakawa nyuzi ndefu kupita kiasi. Uchunguzi ulionesha kuwa kilichosababisha hali hiyo si umeme, bali misombo ya platinamu iliyotoka kwenye elektrodi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965. Mwaka 1969 ikaripotiwa kuwa misombo hiyo hupunguza uvimbe katika panya, na mwaka 1978 sisiplatini iliidhinishwa nchini Marekani kwa saratani za korodani na ovari. Matumizi katika saratani ya mapafu yalifuata.

Kisa hiki kina somo ambalo halina budi kuzingatiwa tangu mwanzo. Bakteria wale hawakuwa seli za saratani. Walikuwa viumbe vinavyogawanyika tu. Sisiplatini haina jicho la kutofautisha uvimbe na kiungo chenye afya.

3.0 Namna Dawa Inavyofanya Kazi

3.1 Kutoka kwenye damu hadi kwenye kiini cha seli

Sisiplatini hutolewa kwa dripu. Katika damu hubaki tulivu kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya chumvi. Majimaji ya damu yana kloridi ya takribani milimoli 100 kwa lita, na wingi huo huzuia kloridi za dawa kuachana na platinamu. Ndani ya seli hali ni tofauti: kloridi hushuka hadi kati ya milimoli 4 na 20 kwa lita. Hapo kloridi za dawa hung'oka na nafasi zake huchukuliwa na maji. Molekuli iliyokuwa tulivu sasa ina chaji na inatafuta mahali pa kushika. Kwa sababu hiyohiyo, wafamasia hawaichanganyi dawa hii katika maji ya glukosi pekee yasiyo na kloridi, kwani ingeanza kubadilika ndani ya chupa kabla ya kumfikia mgonjwa.

Mahali inapopapendelea ni DNA, hasa kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za vinasaba. Kwa kuwa platinamu ina nafasi mbili zilizo upande mmoja, hushika guanini mbili zinazofuatana, au guanini na adenini, na kuzifunga pamoja. Uzi wa DNA hupinda mahali hapo. Mashine za seli zinazonakili vinasaba zikifika kwenye kipindo hicho hukwama. Seli hujaribu kwanza kukarabati kwa kukata kipande kilichoharibika na kukijaza upya. Madhara yakizidi uwezo wa ukarabati, seli huwasha mpango wake wa kujiua.

Seli za saratani huathirika zaidi kwa sababu nyingi kati yake zinagawanyika haraka na zina kasoro katika ukarabati wa DNA. Tofauti hiyo ni ya kiwango tu. Kila seli iliyopokea platinamu ya kutosha hupata jeraha hilohilo, iwe ya uvimbe, ya figo au ya sikio.

3.2 Matumizi na kiwango cha manufaa

Katika saratani ya mapafu, sisiplatini hutumika pamoja na dawa nyingine. Kwa saratani ya seli ndogo, mwenzake wa kawaida ni etoposidi. Kwa ile isiyo ya seli ndogo, huambatana na dawa kama gemsitabini, paklitakseli au vinorelbini. Dozi ya kawaida ni takribani miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, ikirudiwa kila baada ya siku 21, kwa mizunguko minne hadi sita.

Manufaa yake yanapaswa kuelezwa bila kuyakuza wala kuyapunguza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, ukiunganisha majaribio 16 yenye wagonjwa 2,714 wa saratani isiyo ya seli ndogo iliyosambaa, ulionesha kuwa tibakemikali ikiongezwa kwenye huduma ya kutuliza dalili huongeza idadi ya walio hai baada ya mwaka mmoja kutoka 20 hadi 29 katika kila wagonjwa 100. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2004 lilionesha kuwa waliopewa tibakemikali ya sisiplatini na kuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 44.5, ikilinganishwa na asilimia 40.4 ya wasiopewa.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini madhara ni suala la msingi. Pale ambapo faida ni ya watu 9 katika 100, kifo kimoja kinachotokana na maambukizi yasiyotambuliwa, au figo zilizoharibika kwa uzembe, hula sehemu kubwa ya faida yenyewe. Ni kweli kwamba katika nchi tajiri dawa zinazolenga mabadiliko mahususi ya vinasaba na zile zinazoamsha kinga ya mwili zimebadili tiba ya saratani hii. Hata hivyo, sisiplatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, haina tena hakimiliki, na kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki dawa za platinamu ndizo zinazofikika.

4.0 Madhara ya Sisiplatini

4.1 Figo

Sehemu kubwa ya platinamu hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Seli za mirija ya figo zina milango ya protini ambayo kazi yake ni kuondoa taka kwenye damu, na sisiplatini hupita katika milango hiyo. Hivyo, dawa hurundikana ndani ya seli hizo kwa kiwango kinachozidi kile cha kwenye damu. Seli hufa, uwezo wa figo kuchuja hushuka, na madini ya magnesi hupotea kwenye mkojo. Upungufu wa magnesi huleta udhaifu, kukakamaa kwa misuli na mapigo ya moyo yasiyo sawa.

Kinga kuu ni maji yenye chumvi. Mgonjwa hupewa dripu ya lita kadhaa kabla na baada ya dawa, mara nyingi ikiongezwa magnesi, ili mkojo uwe mwingi na platinamu isikae muda mrefu kwenye mirija. Kabla ya kila mzunguko, kreatinini hupimwa. Figo zikiwa dhaifu, daktari hupunguza dozi, huahirisha, au hutumia kaboplatini, ambayo ni laini zaidi kwa figo lakini hupunguza zaidi chembe sahani za damu.

4.2 Kichefuchefu na kutapika

Bila dawa za kuzuia, zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 wanaopewa dozi kamili hutapika. Kutapika kwa siku ya kwanza huanzia tumboni: seli za utumbo zilizojeruhiwa humwaga serotonini, ambayo huchochea neva iendayo kwenye ubongo. Hali hiyo hudhibitiwa kwa ondansetroni na deksamethasoni. Kutapika kwa siku ya pili hadi ya tano hutokana zaidi na kemikali nyingine katika ubongo, na huhitaji dawa za ziada kama olanzapini au aprepitanti. Jambo la kuzingatia ni kwamba awamu hii ya pili humkuta mgonjwa nyumbani. Anayetapika hawezi kunywa, na asiyekunywa hupoteza kinga ya figo iliyoelezwa hapo juu. Madhara mawili yanayoandikwa katika safu tofauti vitabuni huungana katika mwili mmoja.

4.3 Uboho wa mifupa

Uboho huzalisha seli za damu bila kupumzika, na kwa hiyo huathirika. Mgonjwa anapopewa sisiplatini pamoja na etoposidi au dawa inayofanana nayo, seli nyeupe hushuka zaidi kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo bakteria wanaoishi mdomoni, kwenye ngozi au utumboni wanaweza kuingia kwenye damu bila kuzuiwa. Kwa kuwa seli nyeupe ndizo zinazotengeneza usaha, maambukizi makali yanaweza yasiwe na jipu wala makohozi mazito. Homa huwa dalili pekee.

4.4 Masikio na neva

Ndani ya sikio, seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti hushambuliwa na haziotoi upya. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, mara nyingi zikitanguliwa na mlio masikioni. Kwenye neva, madhara huanza kwa ganzi na mchomo wa vidole vya miguu na mikono, na yanaweza kuongezeka kwa miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimamishwa. Kwa mkulima anayetembea pekupeku na kushika jembe, ganzi ya nyayo huleta majeraha asiyoyahisi. Kwa fundi cherehani, humaanisha kushindwa kushika sindano. Madhara haya hayaui, lakini mara nyingi ni ya kudumu. Kwa hiyo mgonjwa anastahili kuulizwa kuhusu kazi yake kabla ya tiba kuanza.

5.0 Mgonjwa Anaporejea Gwata

5.1 Homa inayodhaniwa kuwa malaria

Katika mkoa wa Pwani malaria ni ya kawaida, na mazoea ya kuitafuta malaria katika kila homa yana msingi mzuri. Kwa mgonjwa wa tibakemikali, mazoea hayo yanaweza kuua. Kipimo cha haraka kikionesha malaria, hakijaondoa uwezekano wa maambukizi ya bakteria, kwa sababu mkazi wa eneo lenye malaria anaweza kubeba vimelea huku homa yake ikitokana na jambo jingine. Kipimo kisipoonesha malaria, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na parasetamoli, ambayo hushusha joto na kuficha dalili pekee iliyokuwepo.

Kanuni inayokubalika ni kwamba homa ya nyuzijoto 38 au zaidi kwa mgonjwa aliyepewa tibakemikali ndani ya wiki chache zilizopita ni dharura, na antibiotiki yenye nguvu ianze ndani ya saa moja baada ya kufika kituoni. Malaria ipimwe na itibiwe ikiwepo, lakini isisubiriwe. Dozi ya kwanza ya antibiotiki ikitolewa katika kituo cha afya kabla ya rufaa, safari ya kwenda Tumbi au Dar es Salaam huwa salama zaidi.

5.2 Dawa zinazokutana mwilini

Hatari nyingine inatokana na dawa zilizo halali na za kawaida. Jentamisini hutumika sana kwa maambukizi makali, nayo hudhuru figo na masikio yaleyale yanayodhuriwa na sisiplatini. Ikiwa kuna antibiotiki nyingine inayofaa, hiyo itangulizwe. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa katika maduka ya dawa kwa maumivu ya mgongo na viungo, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Dawa za miti shamba zina athari mbalimbali kwa figo. Mgonjwa aulizwe kuzihusu kwa heshima, maana akikemewa ataficha.

Kwa mgonjwa anayeishi na VVU suala ni nyeti zaidi. Mchanganyiko unaotumiwa na wengi nchini una tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri huweza kujeruhi sehemu ileile ya mirija ya figo. Dolutegraviri, kwa upande wake, huongeza kreatinini kidogo katika damu bila figo kuwa zimeumia, kwa kuzuia mlango mmoja unaoitoa. Hivyo, kreatinini iliyopanda inaweza kuwa onyo la kweli au la uongo, na atakayeitafsiri bila kujua orodha yote ya dawa anaweza kukosea kwa pande zote mbili: kusimamisha tiba isiyo na kosa, au kuendeleza inayodhuru.

5.3 Maji na usafi wa nyumbani

Ushauri wa kunywa maji mengi hutolewa kwa sentensi moja hospitalini, lakini kwa kaya inayobeba maji kwa ndoo ni kazi ya mtu mzima ya kila siku. Ushauri wenye manufaa hutaja kipimo: chupa ya lita moja na nusu ijazwe maji yaliyochemshwa, imalizwe kabla ya jioni, na iongezwe nyingine joto likizidi, isipokuwa daktari ameweka kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Mgonjwa asiyeweza kunywa kwa siku nzima, au ambaye mkojo wake umepungua sana, arudi kituoni bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Aidha, kwa angalau saa 48 baada ya dripu, mkojo na matapishi huwa na mabaki ya dawa. Anayemuuguza avae glavu, amwage uchafu huo chooni, afue nguo zilizochafuka peke yake, na mjamzito asipewe kazi hiyo.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa sisiplatini hutibu kwa kufunga na kupinda vinasaba, na hudhuru kwa njia hiyohiyo popote inapoingia kwa wingi. Madhara yake hayatokei kiholela. Yana mahali pake na siku zake: tumbo katika siku tano za kwanza, figo katika wiki ya kwanza na ya pili, uboho kati ya siku ya 7 na ya 14, masikio na neva kadiri mizunguko inavyoongezeka. Kinachojulikana tarehe yake kinaweza kuandaliwa.

Maandalizi hayo hayahitaji mtambo mpya. Mgonjwa anayeondoka Dar es Salaam anaweza kupewa kadi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, yenye mambo sita: jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, siku ambazo kinga yake itakuwa chini, kreatinini yake ya mwisho, orodha ya dawa zote anazotumia, dawa za kuepukwa, na namba ya simu ya wodi inayojibu usiku na mchana. Kadi hiyo haimfundishi tabibu wa zahanati ya Gwata onkolojia. Inamwambia tu kwamba mtu aliye mbele yake, mwenye homa ya nyuzijoto 38 siku ya 10 baada ya dozi, asirudishwe nyumbani usiku huo.